Nani alipie maji ya mti? Kisa cha eneo la wazi katika mtaa mmoja wa Dar es Salaam

Kisa hiki kimeandikwa kwa ajili ya viongozi wa mitaa, vikundi vya wakazi na maofisa wa halmashauri wanaohangaika kutafuta fedha za bustani na viwanja vya wazi katika maeneo yetu ya Uswahilini. Majina ya mtaa, kata, manispaa, kikundi na mfadhili yameondolewa, na kiasi cha fedha kimetajwa kwa tarakimu za jumla ili wahusika wasitambulike.

Usuli

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoani Dar es Salaam. Sehemu kubwa yao wanaishi kwenye makazi yaliyojengwa kabla ya kupimwa. Huko nyumba zimebanana, njia ni za kupishana bega kwa bega, na mtoto akitaka kucheza mpira anachezea barabarani au makaburini. Mtaa tunaouzungumzia ni mmojawapo. Uko kwenye mteremko, wapangaji ni wengi kuliko wenye nyumba, na nyumba moja ya vyumba sita unaweza kukuta familia tano ndani yake.

Wakati wa urasimishaji wa makazi, yaani kuyapima na kuyatambua rasmi, wakazi walikubaliana kuacha kipande cha karibu robo tatu ya ekari. Kilibaki kwa sababu kilikuwa shimo la zamani la mchanga ambalo hakuna aliyethubutu kujenga juu yake. Kwenye mchoro wa mipango miji kikapakwa rangi ya kijani na kuandikwa eneo la wazi. Kwenye ardhi yenyewe kilikuwa dampo: mifuko, nepi, maganda ya madafu, na maji yaliyotuama kuanzia masika hadi Juni. Kwenye kona ya juu fundi gereji mmoja alikuwa ameweka jeki zake na mabodi mawili ya magari yaliyokwishang'olewa injini.

Mwanzoni mwa 2021 wakazi 15, wengi wao akina mama wa mtaa huo pamoja na vijana wachache wa kijiwe cha bodaboda, walisajili kikundi kwa lengo la kuligeuza dampo hilo kuwa bustani. Nilikifuatilia kisa hiki kama mshauri wa maendeleo ya jamii.

Barua kwanza, pesa baadaye

Shauku ya wengi ilikuwa kusaka mfadhili haraka. Mtendaji wa mtaa akawashauri waanze na karatasi, na ushauri wake ndio uliobeba mengi yaliyofuata. Hoja yake ilikuwa nyepesi: mchoro unaonyesha matumizi ya ardhi lakini hausemi nani anaitunza. Mwenye eneo la wazi ni halmashauri. Kikundi kikitumia pesa ya watu bila idhini ya maandishi, siku yoyote anakuja mwingine na kibali chake, na kesi inaishia kwa kikundi kuondoka.

Barua ilichukua miezi minane. Ofisi ya mipango miji ilitaka katiba ya kikundi, cheti cha usajili, na muhtasari wa mkutano mkuu wa mtaa wenye saini za waliohudhuria. Mkutano wa kwanza haukufikisha akidi, ukaitishwa tena. Kisha ikabainika kwamba ndani ya jalada kulikuwa na maombi ya fundi gereji ya kibali cha muda cha kutumia eneo hilohilo.

Hapo kikundi kilikuwa na njia mbili. Wangeweza kumshitaki fundi kama mvamizi, na pengine wangeshinda. Wakaamua kukaa naye. Makubaliano yakawa kwamba gereji inahamia ukingoni upande wa barabara, oili chafu inakusanywa kwenye pipa badala ya kumwagwa chini, fundi analipa shilingi 20,000 kwa mwezi, na kwa kuwa analala hapohapo, anashika ufunguo wa stoo. Mzee mmoja wa mtaa alipinga vikali, akisema ni kumzawadia mvamizi. Mimi naona walifanya vyema. Fundi aliyefukuzwa angebaki jirani mwenye kinyongo, na bustani changa haina kinga dhidi ya jirani mwenye kinyongo.

Barua yenyewe ilikuwa na kurasa mbili na ilibeba mambo matatu mazito. Halmashauri inabaki mmiliki, na kikundi kinapewa usimamizi kwa miaka 10. Eneo halitauzwa, halitakodishwa wala kubadilishwa matumizi bila ridhaa ya mkutano mkuu wa mtaa na ya kikundi. Na mapato yoyote yanayopatikana pale yanaingia kwenye akaunti ya bustani. Ilisainiwa kwa niaba ya mkurugenzi, siyo na mwenyekiti wa mtaa. Tofauti hiyo ilikuja kuonekana baada ya miaka mitatu.

Buku ya kila mwezi

Wakati barua inasubiriwa, kikundi kilianzisha mchango wa shilingi 1,000 kwa kila kaya kwa mwezi. Mwezi wa kwanza, Septemba 2021, watu walitoa kwa moyo, na msaragambo wa kuzoa taka ulijaza malori mawili. Kufikia Desemba daftari la mweka hazina lilikuwa na majina yasiyotimia theluthi ya kaya zilizoanza.

Viongozi walilisoma jambo hilo kama uvivu. Akina mama waliopita nyumba kwa nyumba walirudi na maelezo mengine. Agosti mwaka huohuo kodi ya majengo ilianza kukatwa kupitia LUKU, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Kodi ni ya mwenye nyumba, lakini kwenye nyumba za kupanga anayenunua umeme ndiye anayekatwa. Mpangaji alishaiona buku yake ikikatika kwenye mita, na sasa anaombwa buku nyingine kwa ajili ya bustani itakayopandisha hadhi ya nyumba isiyo yake. Wengine walisema waziwazi kwamba wanaogopa mwenye nyumba ataona miti na kuongeza kodi ya chumba.

Kikundi kiliendelea na kiwango kilekile kwa wote. Kilihofia kwamba kuwatoza wenye nyumba zaidi kungeleta mgogoro na watu wenye sauti kubwa mtaani.

Ruzuku na masharti yake

Mei 2022 ikaingia ruzuku ya shilingi milioni 36 kutoka kwa mfadhili wa nje. Barua ya halmashauri ndiyo iliyofungua mlango. Bila uthibitisho wa haki ya kutumia ardhi, maombi yasingesomwa. Masharti yalikuwa ya kawaida kwa ruzuku za aina hii: pesa itumike ndani ya miezi 12, itolewe kwa awamu mbili kufuatana na ripoti, na isilipie mishahara wala ankara za maji na umeme. Yaani ilikubali kununua mti, ikakataa kuumwagilia.

Kamati ilifanya hesabu na kufikia uamuzi ambao nauhesabu kuwa bora kuliko yote: pesa ya kujenga itumike kujenga kitu kitakachozaa pesa ya kuendeshea. Wakapunguza pevingi kwa zaidi ya nusu, wakaondoa chemchemi ya mapambo iliyokuwa kwenye mchoro wa awali, wakaweka kisima kirefu na choo cha kulipia chenye matundu manne, kikitazama kituo cha daladala. Kisima kilihitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, na wakakifuatilia.

Kuhusu miti kulikuwa na ubishi unaostahili kusimuliwa. Mchoro ulipanga miashoki kwa mstari, kama mbele ya ofisi. Akina mama wakakataa. Mwashoki unapanda juu kama nguzo na kivuli chake hakimtoshi hata mtu mmoja mwenye meza ya vitumbua. Walitaka mwarobaini na mkungu: mwarobaini kwa kuwa unavumilia ukame, mkungu kwa kuwa unatandaza matawi mapana kama paa, na watoto wanaokota kungu. Maji ya kisima yalipotoka na chumvi, ubishi ukaisha wenyewe. Mkungu ni mti wa pwani, chumvi hiyo haikuutisha, na maua ya bustanini yaliyonunuliwa kwa bei kubwa yalikufa yote.

Jambo moja likaharibika vibaya. Ripoti ya awamu ya kwanza ilitakiwa mwishoni mwa Julai, na kiashiria kimoja kilikuwa idadi ya miche iliyopandwa. Katibu alipendekeza wasubiri vuli. Kamati iliogopa kupoteza awamu ya pili, ikapanda miche 60 katikati ya kiangazi wakati kisima hakijakamilika, ikimwagiliwa kwa madumu yaliyobebwa na vijana. Vuli ilipofika miche hai ilikuwa 27. Picha za ripoti zilikuwa nzuri sana.

Mkopo uliosimama

Uchimbaji wa kisima ulikwenda chini kuliko ilivyotarajiwa, ukala pesa ya pampu na tangi. Kikundi kikageukia mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ile ya asilimia 10 ya mapato ya ndani inayogawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Fomu za shilingi milioni 6 zilikuwa zimeshapita kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Aprili 2023 serikali ikasimamisha mikopo hiyo nchi nzima ili kupanga upya utaratibu wake, na ilirejea 2024.

Jengo la choo lilikuwepo, kisima kilikuwepo, na hakuna maji yaliyopanda. Kamati ilikaa mara kadhaa bila kuelewana. Wapo waliotaka kumkabidhi mfanyabiashara mmoja choo kwa miaka mitano ili aweke pampu. Mwishowe akina mama wakakopa shilingi milioni 3 kwenye VICOBA yao wenyewe, yaani kikundi chao cha kuweka na kukopa, kwa riba ya asilimia 10, wakanunua pampu ndogo na tangi moja la lita 2,000. Walikataa ofa ya mfanyabiashara kwa sababu barua ilisema mapato ni ya bustani, na kwa sababu walijua miaka mitano ya mtu mwenye pesa huwa mirefu. Ulikuwa uamuzi wa ujasiri, na hatari yake yote ilibebwa na watu wenye kipato kidogo kuliko wote waliohusika katika kisa hiki. Halmashauri haikubeba hata shilingi, wala mfadhili.

Choo kilifunguliwa Septemba 2023, shilingi 200 kwa mtu mzima, watoto wa mtaa bure.

Mvua na uchaguzi

Mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023 ziliujaza mtaro wa juu taka, na maji yakapita katikati ya bustani. Sehemu ya udongo ilikwenda na miche kadhaa. Lakini kwa kuwa eneo lilikuwa limechongwa likawa na bonde dogo katikati, maji mengi yalikaa pale kabla ya kuzama taratibu, na nyumba za chini ambazo miaka iliyopita zilikuwa zikitolewa magodoro nje zilipata nafuu. Wiki ile michango ilirudi bila kuombwa. Wapangaji walewale waliogoma kutoa buku walikuja na makoleo.

Novemba 27, 2024 ulifanyika uchaguzi wa serikali za mitaa na mtaa ukapata mwenyekiti mpya. Aliingia na wazo la kulikodisha eneo kwa shughuli: harusi, vigodoro, mikutano, turubai kila wikiendi. Kwa mtazamo wa mapato hakuwa mjinga hata kidogo. Wikiendi moja ingeingiza pesa ya wiki nzima ya choo. Kikundi kikatoa barua. Kwa kuwa haikusainiwa na mtangulizi wake, mwenyekiti hakuweza kuifuta kwa muhuri wa ofisi yake. Mkutano mkuu ukaamua shughuli ziruhusiwe mara mbili kwa mwezi, mchana tu, upande wenye pevingi, na malipo yaingie kwenye akaunti ya bustani.

Matokeo hadi katikati ya 2025

Miti hai ni 41, ikijumuisha iliyopandwa upya kwa miche ya bure kutoka kitalu cha serikali. Mikungu ya mwanzo imeshapita kimo cha mtu mzima. Asubuhi kuna meza tano za vitafunwa chini yake, na jioni watoto hujaa. Bembea mbili kati ya tatu hazina minyororo. Iliibwa na kuuzwa vyuma chakavu. Njia ya kiti cha magurudumu kwenda chooni iliishia hatua chache kabla ya mlango, kwa sababu saruji iliisha na hakuna aliyerudi kuimalizia. Hilo linauma, maana mwanakikundi mmoja ndiye aliyeihitaji. Wapangaji wa nyumba zinazotazama bustani wameongezewa kodi, na familia tatu zimehama. Siwezi kuthibitisha kwamba bustani ndiyo sababu pekee, ila wenye nyumba wenyewe wanaitaja wanapopangisha.

Hesabu ya mwezi wa kawaida ni hii: choo na gereji vinaingiza kama shilingi 740,000. Choo chenyewe kinameza 380,000 kwa mtunzaji, sabuni na dawa, na gari la kunyonya majitaka. Mlinzi wa bustani analipwa 150,000, umeme wa pampu 90,000. Zinabaki 120,000, ambazo kwa muda mrefu zilikwenda kulipa deni la VICOBA na sasa ndizo akiba ya matengenezo.

Uchambuzi: kilichoshika

Barua iliokoa bustani mara tatu: ilipoleta ruzuku, ilipomzuia mfanyabiashara, na ilipomkuta mwenyekiti mpya. Miezi minane ilionekana kuchosha, lakini ndiyo iliyozaa kuliko miezi mingine yote. Kwa kikundi chochote kinachoanza, ningehimiza barua iseme mambo hayohayo matatu, na isainiwe na ngazi isiyobadilika kila baada ya miaka mitano ya uchaguzi wa mtaa.

Kufunga chanzo cha pesa na gharama mahususi nako kulisaidia sana. Watu wanajua mia mbili ya choo inalipa umeme wa pampu. Ubao wa mapato na matumizi uliobandikwa ukutani mwa choo, unaoandikwa kwa chaki kila Jumatatu, ulimaliza minong'ono kuliko mkutano wowote.

Uchambuzi: kilichovunjika

Mchango sawa kwa kaya zote haukuwa sawa hata kidogo. Mwenye nyumba anayepata thamani ya ardhi alitoa buku, na mpangaji anayepata hatari ya kuongezewa kodi akatoa buku. Kikundi kingeweza kuomba nguvu kwa wapangaji na pesa kwa wenye nyumba, na mvua za 2023 zilionyesha kwamba wapangaji wako tayari kwa kazi. Suala la kodi za vyumba lilipaswa kuzungumzwa na wenye nyumba kabla ya mti wa kwanza kupandwa, wakati kikundi kilikuwa bado na kitu cha kuwapa.

Ruzuku ya miezi 12 isiyolipia uendeshaji ilisukuma watu kupanda miti kiangazi. Sioni kosa kubwa zaidi katika namna bustani za maeneo maskini zinavyofadhiliwa. Mwaka 2018 watafiti walichapisha matokeo ya jaribio la mjini Philadelphia, Marekani, lililohusisha viwanja 541 vilivyotelekezwa. Viwanja vilichaguliwa kwa bahati nasibu. Baadhi vilisafishwa, vikapandwa majani na miti michache, vikawekewa uzio mfupi wa mbao, kisha vikarudiwa kusafishwa mara kwa mara. Katika vitongoji maskini, uhalifu wa bunduki kuzunguka viwanja vilivyotunzwa ulipungua kwa asilimia 29. Matengenezo hayo ni ya bei nafuu mno ukiyalinganisha na pevingi na chemchemi. Mfadhili wetu angetoa nusu ya milioni 36 mwaka wa kwanza na iliyobaki kidogokidogo kwa miaka mitano, mtaa ungekuwa na miti mingi zaidi leo, na akina mama wasingeingia kwenye deni.

Lakini pengo kubwa haliko kwa mfadhili. Liko kwenye bajeti ya halmashauri. Bustani hii ni mali ya umma kwa barua ya halmashauri yenyewe, inapokea maji ya mvua yanayotoka kwenye barabara ya umma, na haijawahi kuwa na kifungu hata kimoja kwenye bajeti. Bustani za katikati ya jiji zinamwagiliwa kwa fedha za umma, na hakuna anayemwambia mfanyakazi wa ofisini aende chooni kwanza ili nyasi zipate maji. Mkazi wa Uswahilini anakatwa kwenye LUKU, analipa ushuru sokoni, halafu anakilipia kivuli chake kwa mia mbili mia mbili. Hili si haki, na vikundi visizoee kulisifu kama mfano wa kujitegemea.

Njia ya kuingia kwenye bajeti ipo, ila ina kalenda yake. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na mapendekezo ya halmashauri huwa yameshaiva miezi kadhaa kabla. Kipaumbele cha mtaa kinapaswa kuibuliwa kwenye mkutano mkuu kabla mwaka wa kalenda haujaisha, kipite Kamati ya Maendeleo ya Kata, ndipo kiende halmashauri. Kikundi hiki kilipeleka ombi lake mara ya kwanza mwezi Machi, kikajibiwa kwamba kimechelewa.

Ombi la pili limeandaliwa mapema. Limeacha maneno ya mazingira na afya yaliyojaza lile la kwanza, na lina mistari mitatu tu: mlinzi mmoja, shilingi 150,000 kwa mwezi, umeme wa pampu, 90,000, na usafi wa mtaro wa juu mara mbili kwa mwaka, kabla ya vuli na kabla ya masika. Limeambatanishwa na nakala ya barua ya usimamizi, picha za ubao wa chaki, na muhtasari wa mkutano wenye saini za wapangaji na wenye nyumba. Limeshapita kwenye kata na liko mezani kwa halmashauri.